Sauti ya Mwalimu Patrobas

Dandora, Nairobi
8 Februari 1981

Khavere dada yangu,

Nimepata njia ya kumlipiza Patrobas. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu likiendelea kukaa kifuani nitapasuka. Sasa salamu: sisi wazima, Ngui yuko barabara ya Mombasa na lori lake, Mbeti ameota meno ya mbele, na mimi bado niko kule kiwandani Industrial Area nikifunga sabuni kwenye karatasi. Hata ugali wangu unanuka sabuni. Mama yako anaendeleaje? Miguu imepungua kuvimba?

Basi sikiliza. Misheni ya hapa Dandora imeletewa padre mpya, Mhispania, Padre Eusebio. Mtu mrefu, mpole, anayecheka kabla hajaelewa. Kiswahili anakibahatisha, Kiingereza hajui, na wakubwa wake wanataka akijue mwaka huu maana mikutano yao yote ni ya Kiingereza. Katekista akauliza nani hapa mtaani aliwahi kukifundisha, watu wakanitaja. Kwa hiyo nikitoka kiwandani napitia misheni, tunaketi kwenye benchi nyuma ya kanisa.

Kiingereza cha Mhispania, dada, kina vituko vyake. Neno likianza na s na herufi nyingine ngumu nyuma yake, hawezi kuliingia moja kwa moja, lazima atangulize e. Shule ni “eskul”, kijiko ni “espun”. V na b kwake ni kitu kimoja. Nilimjaribu kwa Kiswahili, nikamwambia aseme vumbi la Dandora, akasema “bumbi”. J anaigeuza y, na h anaikwaruza kooni utadhani amekwamwa na mwiba wa samaki. Lakini ile th inayotushinda sisi wengine huku Eastlands, yeye anaitoa kama mtangazaji wa redio, kwa sababu kwao wanayo.

Nilimnunulia kioo kidogo soko la Gikomba. Kwa v nikamwambia aume mdomo wa chini na kujitazama. Kwa s aanze na upepo mtupu, sss, kama tairi ya baiskeli iliyotoboka, ndipo neno lifuate. Tulihangaika. Hakuna kilichoingia. Halafu nikagundua jambo moja: huyu mtu hajifunzi kwa kueleweshwa, anajifunza kwa kumeza mtu mzima. Burale, mlinzi wa lango, ndiye aliyemfundisha “gud moning” kabla yangu. Burale hujikuna sikio kabla ya kusalimia. Basi Padre naye hawezi kusema “gud moning” bila kujikuna sikio. Mimi nilidhani ana upele!

Hapo ndipo Patrobas aliponijia akilini.

Wewe ulikuwepo siku ile, lakini nitaieleza tena kwa sababu kila nikiieleza napata nguvu. Siku ya Zawadi ya Shule ya Jioni ya Mwangaza, ukumbi wa Jericho, mwaka wa sabini na saba. Mkaguzi amekuja. Mimi nimeomba mbele yake nipewe darasa la mtihani. Patrobas Simiyu, mwalimu mkuu mzima, badala ya kunijibu akaniiga. Ile n tunayoitanguliza sisi Wakamba mbele ya d, “ndokta”, “ndeski”, akaivuta mpaka ukumbi wote ukashika mbavu. Wiki iliyofuata wanafunzi wangu mwenyewe walinisalimia hivyo pale Muthurwa. Darasa likabaki madawati. Akaniambia nipumzike kidogo. Nimepumzika kwenye sabuni hadi leo.

Sasa misheni imewapa Mwangaza viti, na Padre Eusebio amealikwa kuwa mgeni wa heshima Siku ya Zawadi ya Desemba. Atahutubia kwa Kiingereza. Ukumbi uleule, Patrobas ameketi kando yake. Nami nitahakikisha anazungumza kwa sauti ya Patrobas, kuanzia koo hadi kidole. Nataka watu wacheke mpaka aone haya kufungua kinywa chake mwenyewe.

Wewe ulikuwa mpiga chapa wake, mmeketi ofisi moja miaka. Nikumbushe kila kitu. Usiache hata pumzi.

Ni mimi,
Kavutha

*

Mbale, Maragoli
1 Machi 1981

Mama Mbeti mpenzi,

Nimecheka mpaka mama akaniuliza kama nina homa. Wewe ni mtu mbaya na ninakupenda.

Andika, basi. Kabla hajaanza hukohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, ni cha ukubwa. Halafu anafumba macho, anainua kidole cha shahada na kukiacha juu kama amesahau alikiinulia nini. “Mai tia stutents.” D yake ni t, b yake ni p, j yake ni ch, unajua sisi watu wa magharibi tulivyo, ila yeye amezidi, anazigonga kama mtu anayepigilia misumari. Mwisho wa kila sentensi anaweka “isinti iti?”, yaani sivyo, hata kama hakuna wa kumjibu. Akisimama anapanda kwa vidole vya miguu na kushuka kwa visigino. Na lile lake la “ai ripiti”! Anasema “ai ripiti”, kisha harudii, anasema jambo jingine kabisa. Nilichapa hotuba zake zote na sijawahi kuona lililorudiwa.

Mama hajambo kiasi. Miguu bado. Patrobas mwenyewe alipita hapa mwezi jana akitoka Kimilili kumzika mjomba wake, akamsalimia mama na kumwachia sukari. Amekonda tangu mkewe alipofariki.

Niandikie padre akianza kukohoa.

Wako,
Khavere

*

Dandora
14 Juni 1981

Khavere dada yangu,

Amekohoa!

Nilikaa kimya muda huu wote nikiogopa kujisifu mapema. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nilianza kwa kujifundisha mimi. Niliinua kidole jikoni, nikafumba macho, Mbeti akalia akidhani nataka kuombea chakula tena. Nilipopata, nikaenda nikasimama mbele ya Padre nikawa Patrobas. Alinitazama kama mtoto anayetazama gari likitengenezwa. Kesho yake akanirudishia yote, hata visigino.

Lakini kuna jambo ambalo sikulitazamia, na linaniudhi kidogo. Makosa ya Patrobas yanamfaa huyu Mhispania kuliko Kiingereza changu chote. Ile e yake ya kutanguliza, unajua imeponaje? Kwa kikohozi. Anakohoa badala ya kusema e, halafu “skul” inatoka safi. B yake imekuwa p, kwa hiyo haigongani tena na v, ambayo sasa anaiuma vizuri kwenye mdomo. Na j kuwa ch ni raha tupu kwake, maana ch kwao imejaa tele. Mdomo wa Patrobas umemkaa kama kiatu cha kushonewa. Katekista amenipongeza. Hata mkubwa wa misheni alisema kwamba Padre sasa anaeleweka.

Waache wapongeze. Mimi nahesabia Desemba. Nikiwa pale kiwandani nafunga sabuni, naiona: Padre anainuka, anakohoa, ukumbi unashtuka, mmoja anacheka huku, mwingine kule, kisha paa linataka kuruka, na Patrobas ameketi kwenye kiti cha mbele hana pa kujificha, anajisikia mwenyewe kutoka kwa mtu mwingine. Sitaki aumwe, sitaki afukuzwe. Nataka asikie. Nataka usiku akilala ajisikie. Mimi nilinyamaza mwaka mzima, Khavere. Hata sokoni nilikuwa naonyesha nyanya kwa kidole nisiseme.

Je, kuna kitu tumesahau? Anapofika mwisho wa hotuba hufanyaje? Niambie haraka.

Kavutha

*

Mbale
9 Agosti 1981

Mama Mbeti,

Samahani kwa kuchelewa. Kumekuwa na mambo mengi nyumbani, wageni, na mama.

Mwisho wa hotuba sikumbuki anafanyaje. Lakini nimekuwa nikiwaza. Huyo padre ni mtumishi wa Mungu, amekuja kutoka mbali, hana hatia na sisi. Si afadhali umfundishe Kiingereza cha kawaida yaishe? Mambo ya mwaka wa sabini na saba ni ya zamani. Watu hubadilika. Wengine wanapata matatizo nyumbani kwao yanawanyoosha.

Nimesema tu. Wasalimie Ngui na mtoto.

Khavere

*

Dandora
23 Agosti 1981

Khavere,

Umeokoka? Kama umeokoka niambie, nijue ninaandikiana na nani. Machi unacheka mpaka unapata homa, Agosti unanihubiria. Nani amekukalia huko? Ni mama mchungaji wenu?

“Ya zamani” unasema wewe. Nimesimama leo tangu asubuhi kwenye sakafu yenye maji ya sabuni, vidole vimechubuka, msimamizi wa miaka ishirini na kitu ananiita “wewe mama”. Nilikuwa naitwa mwalimu. Kwangu haijawa ya zamani, ni ya leo asubuhi.

Na Padre ana furaha. Hakuna anayemdhuru. Hotuba tumeianza, anaijua nusu. Siku ni tarehe tano Desemba, Jumamosi. Mimi nitakaa karibu na mlango ili niwaone wote. Kama unanipenda, njoo uketi nami. Nauli nitaitafuta.

Kavutha

*

Mbale
18 Oktoba 1981

Kavutha,

Nitakuja tarehe tano, lakini sitaketi nawe. Nitaketi mbele, na baba yangu na ami zangu wawili.

Patrobas amenichumbia. Sikujua niliandike vipi, nikawa naahirisha. Baada ya ile mara ya mazishi alipita tena, akapita tena Pasaka, akawa anamletea mama dawa za miguu kutoka Nairobi. Hakunibembeleza kwa maneno, aliniletea dawa za mama. Nina miaka thelathini na tano. Nimekaa na mgonjwa chumba kimoja tangu niache kazi, na hakuna mwingine aliyepita akauliza kama nimekula.

Baba hajakubali. Anasema huyu ni Mbukusu, mjane, mtu wa Nairobi, tunajuaje heshima yake? Patrobas akasema basi njooni Siku ya Zawadi, mnione kazini, mnione mbele za watu. Ndiyo sababu wanakuja. Wakiona ukumbi mzima unamcheka, baba atasimama na kuondoka, na mimi nitaondoka naye, na sitarudi tena kwa mwanaume yeyote, namjua baba yangu.

Najua alikukosea. Sikatai. Mimi ndiye niliyekupa kile kikohozi na kile kidole, kwa mkono wangu, na sasa nimekaa navyo usiku kucha. Sijamwambia chochote. Ningemwambia angemkataza Padre kuzungumza, nawe ungejua ni mimi, na urafiki wetu ungekufa hapo hapo. Nakuomba wewe badala ya kumwambia yeye. Mbadilishie Padre hotuba. Bado kuna muda.

Nakupigia magoti, dada.

Khavere

*

Dandora
8 Novemba 1981

Khavere,

Barua yako niliiweka chini ya godoro siku kadhaa ili nikujibu nikiwa nimetulia. Sijatulia.

Nitakwambia jambo ambalo sijawahi kukwambia. Siku ile nilipokuwa nimesimama mbele ya watu na mumeo mtarajiwa akiniiga, nilikutafuta kwa macho. Nilitaka uso mmoja tu usiocheka. Wewe ulikuwa meza ya pembeni na taipureta yako. Uliinama ukajifanya unatafuta karatasi chini. Mabega yako yalikuwa yanatingishika. Nilikuona. Baadaye ukaja kwangu na mkate na maziwa, ukanishika mkono, ukasema ni washenzi wale. Nikaupokea mkate. Sikuwa na rafiki mwingine.

Kwa hiyo usiniambie habari za magoti. Wakati ule ulipoweza kusimama uliinama.

Dawa za mama yako ni jambo zuri. Namtakia mama nafuu kwa moyo wangu wote. Lakini sibadilishi hata kikohozi. Padre anaijua hotuba mwanzo hadi mwisho, na jana aliisema mbele ya Burale, Burale akasema huyu ni mtu mkubwa sana.

Kama baba yako anataka kuona heshima ya Patrobas, aje aione.

Kavutha

*

Jericho, Nairobi
7 Desemba 1981

Mama Mbeti,

Najua hutaki barua yangu. Isome hivyohivyo, kwa sababu uliondoka kabla ya soda kugawanywa, na kuna mambo hukuyaona.

Padre alipoinuka nilishika kiti kwa mikono miwili. Baba alikuwa kulia kwangu. Padre akakohoa. Akafumba macho. Kidole kikapanda. “Mai tia stutents.” Nikasema moyoni, Mungu nipokee. Nikangoja.

Kicheko nilichokisikia kilikuwa kimoja tu. Chako, kule mlangoni. Ulicheka kwa nguvu, dada, kwa miaka yote ile. Mimi nikajua sasa wanafuata wengine. Hawakufuata. Watu waligeuka kukutazama. Nyuma yangu Maingi, yule fundi wa redio wa darasa la mtihani, alisema, “Sasa huyu mathe anacheka nini? Si aache watu wasikie. Fatha anabonga Kizungu safi, kama ya Mwalimu.” Mwenzake akajibu, “Hata kushinda Mwalimu, mse.”

Ndipo nikaelewa, nawe nadhani ulielewa kabla yangu, maana ulinyamaza ghafla. Watu wote wale wamefundishwa Kiingereza na Patrobas. Wengi wao hawajawahi kukisikia kwa ukaribu kwa mtu mwingine yeyote. Kikohozi ni cha Kiingereza, kidole ni cha Kiingereza. Walimwona Mzungu kutoka Ulaya anazungumza sawasawa na wao, wakajiona wamefika. Waliposimama kumpigia makofi kuna mama mmoja aliyelia.

Halafu Patrobas akakuuliza kutoka jukwaani, kwa upole wake wa mikutano, “Mama pale mlangoni, kuna jambo la kuchekesha, sivyo?” Na hapo ukumbi ukacheka. Nilikuona unatafuta uso. Wangu ulikuwa unakutazama, Kavutha, na haukucheka. Usiponiamini ni shauri yako. Ulikuwa umeshika kitasa tayari.

Baba ameridhika. Alisema mtu anayeweza kufundisha Wazungu Kiingereza hawezi kukosa heshima. Mahari imezungumzwa jana, arusi ni mwezi wa nne.

Jambo la mwisho. Patrobas aliniuliza nani amemfundisha Padre. Nilimwambia ni Kavutha Ngui, aliyekuwa mwalimu shuleni kwake, na kwamba uliichagua sauti yake kwa kuwa hukuona mwalimu bora wa kuigwa. Kuhusu kicheko nilisema kilikuwa cha furaha, mwalimu anapoona mwanafunzi wake amefaulu. Aliamini. Alitoa kitambaa akajifuta macho. Kisha akaniuliza, “Huyu mama mzuri hivi, alituacha kwa nini?”

Hakumbuki, Kavutha. Nilimtazama vizuri. Hajifanyi. Hakumbuki kabisa.

Sikudanganya kwa ajili yako. Nilidanganya kwa ajili yake na yangu. Lakini atakuandikia. Umjibu utakavyo.

Khavere

*

Shule ya Jioni ya Mwangaza
Jericho, Nairobi
14 Desemba 1981

Kwa Mwalimu Bi. Kavutha Ngui,

Pokea salamu za mwalimu mkuu, walimu wenzako na wanafunzi wote, ambao ni wengi, sivyo?

Madhumuni ya kukuandikia ni kutoa shukrani zisizo na kifani kwa heshima uliyonipa kupitia kwa mgeni wetu Padre Eusebio. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijawahi kuona kazi yangu ikithaminiwa kiasi hicho, tena na mtu niliyefanya naye kazi kwa muda mfupi. Bi. Khavere, mchumba wangu, amenieleza yote.

Sikumbuki barabara ni sababu gani iliyokufanya utuache. Nadhani yalikuwa mambo ya kifamilia. Kwa vyovyote vile, natoa nafasi ya darasa la mtihani kuanzia Januari, na naona hapana mwingine anayeistahili. Narudia: funguo za darasa ziko kwa bawabu, Bwana Nyamai.

Ni mimi mwalimu mwenzako,
Patrobas Simiyu
Mwalimu Mkuu

*

Dandora
21 Februari 1982

Khavere,

Nimechukua darasa. Utakuwa umesikia. Nilimwandikia mumeo mtarajiwa mistari miwili ya asante, yenye adabu kuliko yote niliyowahi kuandika.

Usidhani nimesamehe. Barua yake niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi, nikatoka nje nikatembea mpaka kule jalalani na kurudi. Miaka yote nilidhani tuko wawili katika jambo hili, mimi na yeye, kwamba akiniona njiani moyo unamdunda. Kumbe nilikuwa peke yangu. Alinifutia maisha kwa dakika moja na kwake haikuwa hata dakika ya kukumbukwa. Hilo limeniuma kuliko kicheko cha mara ya kwanza, na kuliko kile cha pili.

Padre aliniuliza kama alisema vibaya, kwa kuwa nilicheka. Nilimwambia alisema vizuri sana. Sasa najaribu kumpunguzia kidole, hataki. Anasema kinamsaidia kukumbuka. Basi kibaki kwake, yeye atahamishwa siku moja aende nacho.

Lakini wale wa Mwangaza hawaendi popote. Nilipoingia darasani siku ya kwanza nilimwambia Wehliye, yule mwenye kibanda cha vitambaa Eastleigh, asimame asome. Akakohoa, akafumba macho, akainua kidole. Nikaenda nikakishusha kwa mkono wangu. Nikamwambia, fungua macho, tazama kitabu, soma. Akasoma. Alisita sana, kisha d ikatoka d. Darasa likashangaa utadhani amevua shati. Maingi akaniuliza, “Mwalimu, na ile ‘isinti iti’ tunaiweka wapi?” Nikamwambia usiiweke.

Mimi mwenyewe nafanya mazoezi kila asubuhi kabla Mbeti hajaamka, na ile n imeanza kunitii. Kiwandani nimeacha. Mchumba wako ananiletea chai darasani, kikombe na sahani yake, anasimama mlangoni akisikiliza, anatikisa kichwa kwa furaha. Haelewi anachokisikia. Naipokea chai, nasema asante Mwalimu Mkuu, naimaliza yote.

Nitawapitia kinywa kwa kinywa. Wakimaliza hawa nitachukua wa chini yao, na wa chini ya hao, na wao watafundisha ndugu zao na watoto wao, mpaka asibaki Patrobas katika kinywa cha mtu yeyote Eastlands isipokuwa chake. Sina haraka. Amenipa funguo mwenyewe.

Siku moja ya Zawadi atapanda jukwaani kama kawaida yake. Atakohoa, atafumba macho, atasema “mai tia stutents”, na ukumbi utatulia, na wanafunzi wangu watatazamana. Uje siku hiyo. Mlete na baba yako, aketi mbele.

Mimi sitacheka. Nitaketi nimekunja mikono, niwaachie wao.

Kavutha